Merelaniti

Merelaniti ni madini adimu yenye risasi, vanadi, molibdeni, antimoni na salfa, ambayo fomula yake ya kikemia ni Mo₄Pb₄VSbS₁₅, na ambayo yamepewa jina la vilima vya Merelani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, Tanzania, maarufu kwa machimbo ya tanzaniti. Yalitambuliwa rasmi kuwa madini mapya mwaka 2016, kufuatia uchunguzi wa watafiti walioongozwa na John Jaszczak. Kabla ya hapo yalidhaniwa kuwa molibdeniti, yaani salfaidi ya kawaida ya molibdeni.

Kwa macho, merelaniti huonekana kama nywele fupi za kijivu kilichokoza, zenye mng'ao wa metali, zikiwa pamoja na zoisiti, prehniti, kalsiti na grafiti. Chini ya hadubini, kila unywele hudhihirika kuwa silinda iliyofanyika kwa tabaka nyembamba mno zilizojiviringa mfano wa mkeka uliokunjwa, tabaka za aina ya molibdeniti zikipokezana na zile za aina ya galena, ambayo ni salfaidi ya risasi.

Kwa muundo huo, merelaniti huwekwa katika kundi la silindriti miongoni mwa salfaidi. Kuwa salfaidi kunayatofautisha na vanadati za risasi kama vanadiniti, Pb₅(VO₄)₃Cl, ambamo vanadi imeungana na oksijeni, na ambazo huzaliwa karibu na uso wa ardhi pale madini ya risasi yanapooksidishwa.