Mwalimu-mlezi wa watu wenye ulemavu: anafanya kazi gani, na mzazi amtafute wakati gani?

Mu kartye nyingi za Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi, kuko nyumba yenye majirani wanajua kama ndani muko watoto wanne, lakini kila siku wanaona watatu tu. Wa nne anabakia ku chumba. Wageni wakifika, mlango unafungwa. Si kama wazazi hawampendi. Mara nyingi walijaribu: walienda ku lopitali, walienda ku maombi, walimpeleka ku masomo. Kisha juma mbili, mwalimu akamwita mama: « Mama, uyu mutoto haiko anasikia. Mumurudishe ku nyumba. » Na hadisi ikaishia pale.

Lakini haipashwe kuishia pale. Kuko watu wenye walisomea kazi ya kumsaidia mtoto kama uyu. Wasikilizaji wetu wanauliza mara na mara: ni watu gani, wanafanya nini, na tutawapata wapi? Tunaweka hapa maelezo kwa urefu kidogo, ili kila mtu asome na amwonyeshe jirani.

Ni mtu gani?

Kwa Kifaransa tunamwita éducateur spécialisé. Hapa tutasema mwalimu-mlezi, juu kazi yake inashika yote mawili: kufundisha na kulea.

Wengi wanamchanganya na watu wengine. Munganga anatafuta ugonjwa na kutoa dawa. Mtu wa kinezi ananyoosha viungo na kutia misuli nguvu. Mwalimu wa kalasi ana programu moja kwa watoto wote, na kwetu wanaweza kuwa makumi tano ao zaidi mu chumba kimoja. Mwalimu-mlezi yeye anaanza na ulizo lingine: mtu uyu leo anaweza nini peke yake, na tupite njia gani ili kesho aweze zaidi? Hana dawa ya kuponyesha ulemavu. Anasaidia mtu aishi, ajifunze na afanye kazi pamoja na ulemavu wake.

Tena si kazi ya watoto tu. Mtu mzima mwenye alipoteza macho akiwa na miaka 30 anapashwa kujifunza upya kutembea na fimbo, kupika, kutambua makuta kwa vidole. Kijana mwenye akili yake inaenda polepole anapashwa kujifunza kazi ya mikono: kushona, kutengeneza viatu, kufuga kuku. Pale pia mwalimu-mlezi iko na kazi.

Kazi inaanza na kutazama

Mwalimu-mlezi wa kweli haanze kufundisha siku ya kwanza. Anatazama. Mtoto anageuka wakiita jina lake toka nyuma? Anakamata kitu kwa mkono gani? Anaonyesha namna gani kama ana njaa? Anauliza pia mama hadisi ya mwanzo: kuzaa kulikuwa kwa shida? Mtoto alilia mara moja? Aligonjwa malaria kali yenye kupanda ku kichwa, ao meninjite? Haya yote yanaweza kuacha alama ku masikio, ku akili ao ku viungo.

Kutazama kunasaidia sana, juu makosa ni mengi. Mtoto mwenye hasikie vizuri anaitwa mjinga. Mtoto mwenye haone ubao anaitwa mvivu. Mwenye mdomo wake hautoe maneno sawa, watu wanawaza kama haelewe, na kumbe anaelewa yote. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kupima masikio na macho ku lopitali, mbele ya kusema neno lolote juu ya akili ya mtoto.

Kisha kutazama, anaandika mpango wa mtoto ule peke yake. Mpango haupashwe kusema « atajifunza vizuri ». Unasema jambo moja lenye kuonekana: « Mu miezi mitatu, atavaa shati lake mwenyewe. » Halafu anakata jambo lile vipande vipande: kukamata shati, kuingiza mkono wa kwanza, wa pili, kufunga vifungo. Mara nyingi wanaanzia ku kipande cha mwisho. Mama anafanya yote, mtoto anafunga kifungo kimoja tu cha mwisho. Lakini ni yeye mwenye alimaliza kazi, na anafurahi. Juma lingine vifungo viwili. Hivi mtoto hafundishwe kushindwa. Kila siku anafundishwa kumaliza.

Kila ulemavu na njia yake

*Viziwi.* Mtoto kiziwi hakosi lugha. Anakosa watu wa kuzungumza naye lugha yenye macho yake yanaweza kushika. Hadisi ya masomo ya viziwi mu Afrika haiwezi kupita bila jina la Andrew Foster, Mmarekani mweusi, yeye mwenyewe kiziwi toka miaka 11 kisha meninjite. Alifungua masomo ya viziwi Accra, Ghana, mwaka 1957, na mpaka kifo chake mu ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987, alikuwa amefungua masomo zaidi ya 30 mu inchi nyingi za Afrika, kwetu Kongo pia. Ndiyo sababu alama zenye viziwi wengi wa inchi yetu wanatumia zina udugu na zile za Marekani. Kwetu shida kubwa iko ku nyumba: mtoto anajifunza alama ku masomo, anarudia, baba na mama hawajue hata moja. Mwalimu-mlezi mzuri anaita wazazi nao wakuje wajifunze.

*Vipofu.* Chombo chao ni maandiko ya Louis Braille, Mfaransa mwenye aliyatangaza mwaka 1829, naye kipofu toka utoto. Kila herufi inatoka mu nukta sita tu, na nukta zile zinafanya michanganyo 63. Kwa kuandika, wanatumia kibao na msumari mdogo wa kutoboa karatasi ngumu. Wanaandika toka kuume kwenda kushoto, juu nukta zinatokea ngambo ya pili. Ukigeuza karatasi, unasoma toka kushoto kwenda kuume. Karatasi ile ngumu ni bei kuliko kayé ya kawaida, na pale wazazi wengi wanachoka.

*Ba-albino.* Wengi hawahesabu kama ni ulemavu, lakini macho yao yanaona kidogo. Dawa ya kalasi haina bei: kuketi mbele, mbali na dirisha lenye jua, kuruhusiwa kusogelea ubao, maandiko makubwa. Na kofia na mikono mirefu mu kiwanja, kwa kulinda ngozi.

*Akili yenye kuenda polepole, na otisme.* Hapa maneno mengi yanaharibu. Mwalimu-mlezi anatumia picha: picha ya sahani, picha ya maji, picha ya choo. Siku inapangwa kila mara sawasawa, ili mtoto ajue kinachokuja. Ku Lubumbashi kuko pia mzigo wa lugha: mtoto anaongea Kiswahili ku nyumba, lakini masomo iko mu Kifaransa. Mtoto mwenye shida ya kushika anavukishwa mito mbili kwa mara moja. Walimu-walezi wengi wanaanza na Kiswahili, kisha wanaingiza Kifaransa polepole.

*Viungo.* Kwa mtoto mwenye viungo vinakakamaa toka kuzaliwa, namna ya kumkalisha ni nusu ya kazi. Usimlishe bukari akiwa amelala chali: chakula kinaweza kupita njia ya pumzi. Aketi, kichwa wima, vipande vidogo.

Ku nyumba ndiko masomo makubwa

Mtoto anapitisha saa chache tu mbele ya mwalimu-mlezi. Saa zingine zote iko na mama, bibi, bakubwa zake. Kama ku nyumba wanamlisha kama mtoto mchanga, yale alijifunza yanapotea. Kwa hiyo mwalimu-mlezi anatembelea jamaa, anaonyesha, anasikia pia machozi ya wazazi.

Kuko na neno lenye tunapashwa kulisema wazi. Watoto wenye ulemavu wanaweza kuitwa balozi. Wanafungwa, wananyimwa chakula siku nyingi, wanapigwa « ili pepo itoke ». Sheria ya Kongo ya tarehe 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inaweka malipizi. Kifafa si uchawi, kinatunzwa ku lopitali. Otisme si uchawi. Maombi si mabaya. Lakini maombi yenye kumfunga mtoto kamba, ile ni kosa mbele ya sheria.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 februari 2006, ku kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kipekee. Sheria ya masomo ya tarehe 11 februari 2014 inatambua masomo ya pekee. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 mei 2022 ilitoka sheria nambari 22/003, yenye inahusu ulinzi na haki zao mu masomo, matunzo na kazi.

Karatasi basi ziko. Lakini masomo ya primeri ya leta, yenye yalitangazwa bure toka septemba 2019, yamejaza vyumba, na mwalimu mwenye watoto wengi vile hana saa ya kumtazama mmoja. Walimu-walezi wenyewe wangali wachache.

Jirani zetu walianza mbele. Kenya (inchi, si komini yetu) iko na chuo chake cha leta cha kutayarisha walimu hao toka mwaka 1986. Tanzania iko na chuo cha Patandi, karibu na Arusha. Uganda wanafundisha kazi hii ku univershite ya Kyambogo. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama mtu mmoja juu ya sita mu dunia iko na ulemavu mkubwa. Ile si hesabu ya watu wachache wa kufichwa ku chumba.

Mzazi aanzie wapi?

- Anza ku lopitali: masikio, macho, na kifafa kama kiko. Chunga karatasi zote.
- Uliza ku biro ya Mambo ya Jamii ya komini ao ya jimbo, na ku parokia ao kanisa la karibu: mara nyingi wanajua vituo vyenye vinapokea watoto hawa.
- Mbele ya kuandikisha, omba kuingia mu kalasi na kutazama. Watoto wanafanya kazi, ao wanakalishwa tu mpaka jioni?
- Uliza: « Mpango wa mtoto wangu ni gani kwa miezi mitatu? » Mwenye hana jibu, bado hajaanza kazi.
- Kimbia mtu mwenye anaahidi kuponyesha ulemavu kwa makuta, na mahali penye wanapiga watoto.
- Usingojee. Mtoto wa miaka mitatu anajifunza haraka kuliko wa miaka kumi. Lakini hata wa ishirini hajachelewa.

Na wewe jirani, iko na kazi yako. Ukiingia mu nyumba ile ya watoto wanne, usiulize « uyu iko na nini? » mbele yake. Msalimie kwa jina. Mama yake akiona kama hauogope, labda kesho atafungua mlango, na kesho kutwa atauliza kituo kiko wapi. Wewe utakuwa umesoma habari hii, utamjibu.