Supu ya Pakiti na Ladha Yake

Husikika mara nyingi kwamba supu za dukani zimepoteza ladha. Kauli hiyo yadai kwamba hapo mwanzo ladha ilikuwamo. Historia yasema vingine.

Huko Uswisi, mnamo mwaka 1882, daktari na mkaguzi wa viwanda Fridolin Schuler alieleza lishe duni ya wafanyakazi. Wanawake walishinda mashineni, wasipate wasaa wa kuinjika chungu. Julius Maggi, mwenye vinu vya kusaga nafaka, akatengeneza unga wa jamii ya kunde, na mwaka 1886 akauza supu za unga. Kusudi lilikuwa shibe, wepesi na bei nafuu. Ladha haikuwa hoja ya kwanza, na mtu aliyepata kuonja uji wa njegere tupu hataona ajabu.

Ladha iliendelea kutafutwa. Mwaka 1908 kilitoka kidonge cha mchuzi cha Maggi. Mwaka huohuo, Japani, Kikunae Ikeda akagundua kwamba utamu wa supu ya mwani watokana na glutamati. Tangu hapo viwanda vikaweza kuushibisha ulimi. Pua, hata hivyo, ilibaki na njaa: chakula kikikaushwa, harufu yake nyingi huruka pamoja na mvuke, wala chumvi haiwezi kuirudisha.

Huku kwetu mpishi mwenye kifuko cha unga wa mchuzi bado huanza kwa kukaanga kitunguu. Ajua, pasipo kusoma kemia, kile ambacho kifuko hakina.