Homa ya Mgonjwa wa Figo: Historia Inatufundisha Nini?



Hapa kwetu Kawempe mtu akishikwa na homa, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Tunanunua dawa dukani, tunamfunika blanketi, tunangoja kesho. Kwa mgonjwa wa figo, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, kungoja huko kunaweza kumaliza maisha yake. Ili tufahamu sababu, turudi nyuma kidogo. Historia hii inaanzia karibu na nyumbani.

Kilima cha Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere vyote vimo ndani ya Divisheni yetu ya Kawempe. Hospitali mpya ya Mulago ilikamilika mwaka 1962. Katika miaka ile madaktari walikuwa wakipokea wagonjwa, wengi wao watoto, waliovimba uso na miguu huku protini ya mwili ikipotea kwenye mkojo. Daktari Mganda, John Kibukamusoke, na wenzake, akiwemo Profesa Michael Hutt wa Makerere, walichapisha utafiti wao mwaka 1967. Walionyesha kwamba ugonjwa huo unahusiana na aina moja ya malaria, ile ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72. Mwaka 1973 Kibukamusoke alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Madaktari wa Nigeria nao waliona mambo kama hayo kwa watoto wa kwao.

Walichojifunza kilikuwa kizito. Figo zikishaharibika, dawa ya malaria peke yake haikuzirudisha katika hali yake. Basi somo la kwanza ni hili: maambukizi yanaweza kuharibu figo, na kinga ni bora kuliko tiba.

Somo la pili ni kinyume chake: figo zikishaugua, nazo hufungua mlango wa maambukizi. Taka zinapojaa katika damu, askari wa mwili hulegea. Mgonjwa anayepoteza protini kwenye mkojo hupoteza pia sehemu ya kinga yake. Na tiba yenyewe inahitaji kuifikia damu mara kwa mara, kwa hiyo ngozi, ambayo ndiyo ukuta wa mwili, hutobolewa kila wiki.

Tazameni mashine ilivyoanza. Mwaka 1943, wakati wa vita, daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliunda mashine ya kusafisha damu kwa kutumia karatasi laini ya selofani, ile ya kufungia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki, mpaka mwaka 1945 alipopona mama mmoja wa miaka 67. Hata hivyo, kila safari mshipa ulipasuliwa upya, na mishipa ikaisha. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, aliweka mrija wa kudumu mkononi. Wagonjwa wakaanza kuishi miaka, lakini mrija uliobaki nje ya ngozi ulikuwa njia ya vijidudu. Mwaka 1966 madaktari wa New York, James Cimino na Michael Brescia pamoja na wenzao, wakaunganisha mishipa miwili chini ya ngozi ya mkono. Hakuna tena kitu kinachobaki nje. Mpaka leo njia hiyo ndiyo yenye maambukizi machache zaidi.

Hatari nyingine ilikuja kwa damu yenyewe. Mnamo 1969 na 1970 homa ya ini aina ya B ilizuka katika kitengo cha figo mjini Edinburgh, Uskochi. Walikufa wagonjwa na hata watumishi wa hospitali. Mwaka 1972 Uingereza ikatoa kanuni: damu ipimwe, wenye virusi watengwe pamoja na mashine zao, mikono na vifaa visafishwe. Maambukizi yakapungua sana kabla hata chanjo haijapatikana. Chanjo iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na kwa kuwa kinga ya mgonjwa wa mashine ni dhaifu, yeye huhitaji dozi kubwa zaidi kuliko mtu mzima mwenye afya.

Turudi Kampala. Mwaka 2016 hospitali mbili mpya zilianza kazi, Kawempe na Kiruddu, ili kuipunguzia Mulago mzigo. Kawempe ikawa hasa hospitali ya akina mama na watoto, na huko pia figo zinahusika: kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua vyote vinaweza kusimamisha figo za mama kwa siku chache tu. Huduma ya kusafisha damu ilihamia Kiruddu, upande wa pili wa jiji. Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria ya upandikizaji wa viungo, na Desemba mwaka huo figo ya kwanza ikapandikizwa Mulago.

Sasa sisi nyumbani tufanye nini? Wagonjwa wengi wa mashine huanza na mpira uliowekwa shingoni au kifuani. Mpira huo ni barabara ya moja kwa moja kuelekea moyoni. Kwa hiyo mgonjwa akipata homa, au akitetemeka kwa baridi akiwa kwenye mashine au baada yake, au akiona wekundu na usaha pale mpira unapoingia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini damu nayo ichunguzwe vijidudu. Tusimpe dawa kwa kubahatisha.

Tunawe mikono kabla ya kumhudumia. Bendeji isiloe maji. Katika udhu na josho, sharia ina nafasi ya kupangusa juu ya bendeji na ya kutayamamu, basi tumuulize sheikh wetu mapema badala ya mgonjwa kujilowesha kwa aibu. Na mkono wenye mishipa iliyounganishwa usipimwe presha wala usitolewe damu.

Wazee wetu wa Mulago walitufundisha kutafuta malaria nyuma ya ugonjwa wa figo. Leo, mwenye figo akipata homa, tusiishie kwenye malaria.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.