Kupalilia

Masika yanapoanza mwezi Machi katika pwani ya Tanzania, mchicha wa nyuma ya nyumba hauoti peke yake. Ndago nazo huchomoza, tena kwa kasi. Hapo ndipo kazi ya kupalilia inapoanza.

Kitenzi hicho kimetokana na kupalia. Kazi yenyewe ni palizi. Anayepalilia mahindi hatoi magugu tu, bali pia huyainulia udongo shinani yasiangushwe na upepo. Kwa hiyo wanaoandika kwamba fulani “anapalilia chuki” wako sahihi kabisa: anaitunza ili istawi.

Kwa ndago, jembe la juujuu halitoshi. Vijiazi vinavyobaki ardhini huchipua upya. Zing’oeni pamoja na vijiazi vyake, udongo ukiwa ungali na unyevu.