Diodi ya kinga ya volti katika magari

Diodi ya kinga ya volti ni kifaa cha semikondakta kinachofungwa kati ya waya chanya wa gari na ethi ili kulinda kontroboksi, redio ya mawasiliano au kifaa cha GPS dhidi ya umeme unaopanda ghafla. Volti zikiwa za kawaida, diodi haipitishi umeme. Zikivuka kiwango chake, huupeleka umeme wa ziada kwenye ethi.

Chanzo. Pigo zito zaidi hutokea betri inapoachana na alteneta inayochaji. Usumaku wa rota huchukua muda kufifia, hivyo volti hupaa kabla regyuleta haijazishusha. Pasipo kinga ndani ya alteneta, kiwango cha ISO 16750-2 hukadiria pigo la volti 79 hadi 101 kwa gari la volti 12, linaloweza kudumu milisekunde 400. Kwa gari la volti 24 ni volti 151 hadi 202.

Shinyanga na Geita. Katika ukanda wa almasi ya Mwadui na dhahabu ya Bulyanhulu na Geita, pikapu za volti 12 na malori ya volti 24 hupita njia zilezile. Mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza taminali za betri. Hatari huongezeka fundi anapochomoa taminali injini ikiwaka ili kujua kama alteneta inachaji, au pikapu inapowashwa kwa betri za lori.

Uchaguzi. Kwa gari la volti 12, diodi inapaswa kuhimili volti 24 bila kuanza kupitisha umeme, isije ikaungua kwa betri za lori. Diodi ndogo ya wati 600, iliyopimwa kwa pigo la takribani milisekunde 1, haitoshi kwa pigo la alteneta. Zipo za wati 6,600 zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuharibika. Diodi iliyozidiwa kwa kawaida hupiga shoti na kukata fyuzi. Ikikatwa na kutupwa, kifaa huwaka tena, lakini pigo linalofuata litaishia kwenye kontroboksi. Ibadilishwe kwa diodi ya kiwango kilekile, taminali zikazwe, na alteneta ipimwe kwa mita betri ikiwa imefungwa: katika gari la volti 12, alteneta nzima husoma takribani volti 14.