Rada huona, transponda hujibu

Leo tuache programu kidogo tuangalie mtambo wa zamani. Wengi hudhani mwongoza ndege akitazama skrini anaiona ndege moja kwa moja. La hasha. Mara nyingi anaiuliza, nayo inamjibu.

Mambo yalianza Uingereza. Februari 26, 1935, karibu na Daventry, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walionyesha kwamba mawimbi ya redio yakiigonga ndege hurudi kama mwangwi. Rada ya Uingereza ikazaliwa. Taabu ni kwamba mwangwi hauna jina. Septemba 6, 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, Spitfire zake ziliangusha Hurricane mbili za jeshi hilo hilo, zikidhani ni za Wajerumani. Rubani mmoja akafa.

Dawa yake ikawa kidude kinachobebwa ndani ya ndege: kikisikia mawimbi ya rada, kinajibu kwa ishara yake. Kidude hicho ndicho babu wa transponda.

Ndege za abiria nazo zilipata funzo lao. Juni 30, 1956, ndege mbili ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, mahali ambapo hakuna rada iliyokuwa ikizifuatilia. Watu wote 128 waliangamia. Mwaka 1958 Marekani ikaunda mamlaka mpya ya kusimamia anga.

Sasa utamu wenyewe. Kituo huuliza kwa megahezi 1030, ndege hujibu kwa 1090. Mapigo mawili ya swali yakiachana kwa mikrosekunde 8, maana yake ni "wewe nani?" Yakiachana kwa 21, "uko juu kiasi gani?" Jibu la swali la kwanza ni nambari ya tarakimu nne ambayo rubani amepewa na mwongoza ndege. Humo hutapata 8 wala 9, kwani kila tarakimu ni biti tatu. Jumla biti 12, yaani nambari 4,096 basi. Nyingine zina maana maalum: 7500 ndege imetekwa, 7600 redio imekufa, 7700 kuna dharura.

Mwaandika programu mmeshaona shimo liko wapi? Mfumo unamtegemea anayeulizwa. Machi 8, 2014, ndege MH370 ya Malaysia ikiwa na watu 239 iliacha kujibu, ikatoweka kwenye skrini za waongoza ndege wa kiraia. Rada ya kijeshi, ile ya mwangwi, ndiyo iliyonasa doa likigeuka kurudi magharibi, na doa hilo halikuwa na jina.

Hata mfumo mpya wa ADS-B, ambapo ndege hutangaza mahali ilipo bila kuulizwa, una udhaifu huo huo. Akinyamaza msemaji, hakuna habari. Ndiyo sababu mimi sicheki rada ya mwangwi, hata iwe kuukuu namna gani: yenyewe haihitaji kujibiwa.

Haya, tuonane wiki ijayo.