Friji, Babula na Bidoni: Kulisoma Soko la Vyombo vya Nyumbani Uvira

Wanaochunguza mauzo ya vyombo vya nyumbani katika ukanda wetu huanzia kwenye kipato: mtu akipata fedha hununua televisheni, kisha friji, kisha mashine ya kufulia. Ngazi hiyo haitufikishi mbali Uvira, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapa mnunuzi hujiuliza kwanza kama kesho umeme utakuwepo.

Mji unategemea umeme wa mto Ruzizi. Kituo cha kwanza cha kufua umeme kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, kilizinduliwa mwaka 1989. Umeme huo hukatika mara kwa mara, na unaporudi kwa kishindo huunguza kompresa. Hatari hiyo huikubali anayetarajia faida; ndiyo maana friji nyingi za Uvira ni mtaji kuliko pambo la jikoni. Konjeleta, yaani friji ya kugandisha, husimama mbele ya duka, imejaa maji, juisi na samaki wa mukeke kutoka ziwani; umeme ukikatika, mwenye duka huifunika blanketi na kukataza mtu yeyote asifungue mfuniko. Nyumbani, huyohuyo bado anapika kwa babula, yaani jiko la makaa, na kupiga nguo pasi ya makaa, ile yenye kijogoo cha chuma kwenye komeo. Anayeona ushamba hapo hajawahi kupoteza friji kwa usiku mmoja. Fedha iliyobaki huenda kwenye paneli ya sola, betri na taa.

Chombo ninachokiona muhimu kuliko vyote hakina hata waya: bidoni, yaani dumu la maji, ya manjano ya lita 20. Pampu za maji nazo zinahitaji umeme, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba bomba za Uvira zikikauka, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka katika siku 12 zinazofuata. Kwa hiyo kaya inayojaza bidoni kumi kabla ya kununua friji inajua inachokifanya.

Lipo pia tatizo la kuhesabu mauzo. Bidhaa za Dar es Salaam hufika Kigoma, zikavuka ziwa hadi bandari ya Kalundu. Nyingine hupitia Bujumbura, Burundi, na mpaka wa Kavimvira, baadhi zikiwa zimefungwa juu ya baiskeli, bila kugusa daftari la forodha. Friji iliyoandikwa kuwa imeuzwa Burundi huenda inagandisha samaki Mulongwe, mtaa wa Uvira. Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuondoa pengo hilo la hesabu, na vita vilivyoufikia mji wa Bukavu, kaskazini mwa Uvira, Februari 2025 vimeivuruga zaidi biashara ya barabara iendayo huko.

Mtafiti atakayekuja Uvira na jedwali la mauzo aje pia na daftari la saa za umeme za kila mtaa. Bila hilo, atakuwa amepima waya akidhani amepima wanunuzi.